Baba Yangu wa Nyambizi

Jambo lililoninyima usingizi juma zima lilikuwa hili: nikiwaambia watoto ukweli, nitamwaibisha mwalimu wangu mbele ya darasa lake; nikinyamaza, nitamkana baba yangu mara ya pili. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa amenipigia simu. "Njoo Kitale uzungumze na watoto wangu," alisema. "Hawaniamini nikiwaambia nilifundisha binti wa baharia wa nyambizi. Waambie habari za babako." Nilikubali.

Acha nikueleze ilivyoanza. Nililelewa na nyanya hapo Kitale, ambako asubuhi ya Julai ukifungua mdomo unatoa moshi. Nyanya alinivisha sweta mbili, akanipa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, nikishike kwanza vidole vipate joto ndipo ninywe. Baba alikuwa Bungoma, kwenye boila za kiwanda cha sukari, akilisha moto makapi ya miwa. Mwisho wa mwezi alikuja na sukari guru iliyofungwa kwa gazeti, na harufu ya molasi ambayo haikutoka hata nyanya amchemshie maji mara ngapi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto hadi kwenye viwiko, na masizi yalikuwa yamejikalia kwenye mistari ya viganja.

"Ati babako anauza makaa?" watoto wa jirani waliniuliza. Nilicheka pamoja nao.

Kisha mwalimu akatuletea kitabu cha picha za vyombo vya majini. Kulikuwa na nyambizi, meli inayosafiri chini ya bahari, na ndani yake wanaume waliovaa ovaroli nyepesi na viatu laini visivyopiga kelele. Mmoja alivaa sweta nene ya sufu yenye shingo ndefu. Mwalimu alieleza kwamba karibu na injini joto linakutoa jasho, lakini kwingine baridi ya bahari hupenya kwenye chuma. Nikainua mkono. "Baba yangu anafanya kazi humo." Nani angebisha? Hakuna kati yetu aliyewahi kuona bahari. Na baba kweli alikuwa na ovaroli, na kweli alikuwa haonekani mwezi mzima.

Siku ya wazazi alikuja moja kwa moja kutoka zamu. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu, baharia wetu! Binti yako ametuambia yote ya nyambizi."

Baba akanitazama. Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

"Amewaambia?" akasema polepole. "Haya basi."

Watoto wakamzunguka. "Baba, kwa nyambizi mnavaanga nini?"

"Ovaroli. Ya pamba tu, nailoni itakushika ngozi. Na taulo kwa shingo."

"Na joto je?"

"Joto ya huko, bana! Unakunywa maji imetiwa chumvi kidogo. Mnapokezana. Mmoja anasimama mbele ya moto, mwenzake anapumzika kwa mlango."

"Moto? Si mko chini ya maji?" msichana mmoja akauliza.

Baba akakohoa. "Injini, mama. Injini ndiyo moto." Wakacheka. "Lakini ukitoka nje, hapo sasa baridi inakupiga. Unavaa sweta haraka hata kama bado una jasho, ama kifua itakusumbua."

Ukiondoa lile neno injini, kila alichosema kilikuwa kweli kuhusu boila zake. Jioni, tukila githeri kwa nyanya, hakuniuliza kitu. Aliniongezea tu maharagwe kutoka sahani yake. Afadhali angenichapa.

Nyanya hayupo tena. Bomba la kiwanda bado limesimama, lakini halitoi moshi. Baba amerudi kijijini kwake Ndalu, analima mahindi. Ile kazi aliyoijua kwa mwili mzima hakuna anayeihitaji sasa, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumuuliza alivaa nini akiifanya, au alistahimili vipi joto lake. Ni watoto wale tu, nao walidhani anazungumzia kazi nyingine.

Ijumaa nilifika shuleni kabla ya kengele. Nilimwita mwalimu kando nikamwambia ukweli, ili asishtuke mbele ya watoto.

Akauliza, "Hii hadithi nimeisimulia madarasa mangapi?"

"Mengi, mwalimu. Nisamehe."

Akajipangusa chaki mikononi. "Basi ingia uwaambie mwenyewe. Hapo siwezi kukusaidia."

Niliingia. Nikasimama mbele yao.

"Baba yangu yuko Ndalu," nikawaambia. "Hajawahi kuona bahari. Nilidanganya kwa sababu niliionea haya mikono yake."