Shina Moja la Njano

Hebu mfikirie anavyofika. Ni Jumamosi asubuhi, mwezi wa sita, na kwenye barabara ya kokoto vumbi linasogea taratibu kutoka upande wa mashariki, katikati ya mahindi ya huku na soya ya kule. Ukiona vumbi linakwenda mwendo ule, jua dereva ni mtu aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na hana haraka ya kumuua mtoto wa mtu. Pikapu ni ya marehemu mume wake. Inasimama langoni mwa makaburi ya Stavig, injini inazimwa, lakini hashuki mtu. Anamalizia kahawa yake kwanza. Halafu mlango unafunguka, na anatoka mwanamke mrefu wa mabega mapana, amevaa shati la kiume la mikono mirefu, suruali ameichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na mkononi ana koleo jembamba la kuchimbia, kama ulimi wa ng'ombe.

Huyo ndiye Ardith Haugland. Sisi tunaojitolea pale kila Jumamosi tulikuwa tumeshawasili, tunafunguliana vikopo vya biskuti na kulalamikia viuno vyetu. Akatutazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto kwenye kioo cha basi, na biskuti zikarudi kwenye vikopo.

"Mmelala vizuri?" akauliza.

"Si vibaya," tukajibu. Huku Iowa hata aliyeshinda bahati nasibu atakuambia hali si mbaya.

"Haya, tuanze. Haitajing'oa yenyewe."

Alikuwa akizungumzia klova ya njano. Ni mmea mzuri kuutazama, sitakudanganya. Unapanda hadi kifuani mwa mtu, unachanua vishada vya njano, na ukikauka unanukia kama nyasi kavu iliyopakwa asali. Wazee wa hapa waliupanda kwa makusudi, kurutubisha mashamba na kulisha nyuki. Shida yake ni kwamba haujui kukaa na wenzake. Ukiingia kwenye nyika, unaifunika.

Na makaburi ya Stavig ni nyika, nyika ya kweli, kipande cha ardhi ambacho plau haijawahi kukigusa kwa sababu walowezi wa kwanza waliwahi kuzika watu hapo kabla ya kulima. Zamani palikatwa nyasi kila wiki, pakawa kama kapeti. Kisha mzee aliyekuwa akiendesha mashine akafa, na hakuna aliyejitokeza kuchukua nafasi yake. Kiangazi hichohicho Ardith alimzika mume wake, Delbert. Alipokwenda kulitazama kaburi mwezi wa nane, alikuta nyasi zimemfika begani, na katikati yake maua ya zambarau na meupe ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Mizizi ilikuwa chini siku zote, inasubiri tu watu waache kuikata kichwa. Alikuwa ameishi maili mbili kutoka hapo tangu alipoolewa na hakuwa amejua.

Hakulia siku ya mazishi. Siku hiyo ya maua alilia, halafu akaendesha gari moja kwa moja hadi kwa Joyce Brandt, anayetuongoza sisi wa kujitolea, akamwambia, "Niambie cha kufanya ili yale maua yasiharibiwe tena."

Joyce alimwambia: nyika inataka moto. Ichome wakati wa machipuko, nyasi za asili zitaamka, majani ya kigeni yatalegea. Ila makaburi yako chini ya wajumbe watatu wa kata, na mmoja wa wajumbe hao ni Merle Haugland, mdogo wake Delbert. Merle ni mtu wa usafi. Kwenye nyasi za uwanja wa nyumba yake ungeweza kucheza biliadi. Aliposikia habari ya moto alimfuata shemeji yake hadi kwenye maegesho ya kanisa.

"Shemeji, unataka kumchoma kaka yangu?"

"Delbert yuko futi sita chini, Merle. Hata joto hatalisikia. Na unajua alivyokuwa akilalamikia baridi."

Merle alicheka bila kutaka, na kura ikapita. Tulichoma mwezi wa nne, upepo mzuri, mawe yote ya makaburi yakabaki meupe juu ya majivu meusi. Kiangazi kile nyika ilipendeza hadi watu wakawa wanaleta wageni wao kuitazama.

Tulichokuwa hatujakifikiria ni mbegu. Mbegu ya klova ina ganda gumu, inaweza kulala ardhini miaka na miaka, na kitu kinachoiamsha ni moto uleule. Mwaka wa kwanza ilijificha chini ya nyasi. Mwaka wa pili ikasimama, na makaburi yote yakawa njano kutoka uzio hadi uzio. Na zilikotoka mbegu hizo kila mtu alijua. Delbert alikuwa akifuga nyuki upande wa pili wa uzio, na kila machipuko alikuwa akitembea kando ya waya akirusha mbegu za klova kwa konzi, akipiga mluzi.

Merle alipita na pikapu yake mwanzoni mwa mwezi wa sita, akashusha kioo.

"Ulichoma pori, shemeji, ukapata pori jipya."

"Naona."

"Na mbegu ni ya mume wako."

"Naona pia."

"Watu wanalalamika. Wana wazazi wao humo. Mimi nasema hivi: mkutano wetu ni Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba. Asubuhi ya siku hiyo nitapita humu mwenyewe. Nikikuta hata shina moja la njano limesimama, jioni napiga kura mashine iingie, na itakuwa inaingia kila wiki kama zamani."

"Hata shina moja?"

"Hata moja."

"Sawa," Ardith akasema.

Joyce alishika kichwa. "Ardith, shina moja? Hata bustani yangu ya nyanya siwezi kuisafisha kiasi hicho."

"Basi nitakuja kukusaidia na nyanya. Tukimaliza hapa."

Ndiyo maana Jumamosi ile biskuti zilirudi kwenye vikopo.

Tulifanya kazi kwa bidii, na tulifanya kazi vibaya. Ardhi ilikuwa kavu. Ukivuta klova kwenye ardhi kavu inakatika shingoni, pale shina linapokutana na mzizi, unabaki na shina mkononi na unajiona shujaa. Tulijaza magunia, tukala saladi ya viazi chini ya kivuli cha lori, tukapongezana. Ukitazama kutoka barabarani palikuwa pasafi kabisa. Wiki mbili baadaye kila shingo iliyokatika ilikuwa imetoa matawi manne, mafupi, yamelala chini ya nyasi ambako huyaoni mpaka uyakanyage, na yote yamechanua.

Baadhi ya wenzetu walikaa chini walipoona hivyo. Mmoja akasema labda tumwombe Merle atuongezee muda.

"Siombi," Ardith akasema. "Kosa letu ni kuvuta. Hii haivutwi. Chomeka koleo pembeni, kata mzizi chini ya shingo, inua. Mkiwa mmechoka nendeni nyumbani, sitawalaumu. Mimi naanzia uzioni."

Akaanzia uzioni. Tukamfuata, tungefanya nini? Nusu yetu tuliwahi kupanda basi lake.

Tangu siku hiyo hakungoja Jumamosi. Alikuwa anafika jua linapochomoza, kabla joto halijawa la kuua, akapita mstari kwa mstari kati ya mawe kama mtu anayepalilia mahindi, akipinda, akichomeka, akiinua. Waliopita barabarani waliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu yetu ya huku, naye akainua koleo. Curt Lindgren, mjumbe mwingine wa kata, siku moja alisimama kabisa.

"Mama Ardith, bado unatuamuru tukae chini?"

"Wewe ulikuwa hukai hata nikikuamuru. Shuka ushike gunia."

"Nina ng'ombe wananisubiri."

"Ng'ombe wana subira kuliko wewe. Shuka."

Akashuka. Alishika gunia saa nzima, na siku ya pili akarudi na mke wake na pai ya cheri.

Kadiri Jumatatu ile ilivyokaribia, njano ilipungua hadi ukawa unaitafuta kama unavyotafuta sindano. Nyasi za asili zilipanda mahali pake. Ndege wa nyikani wakaanza kulia juu ya mawe. Lakini kulikuwa na shina moja ambalo Ardith alikuwa akilipita kila siku. Lilikuwa limeota likiegemea jiwe la Delbert, refu kuliko jiwe lenyewe, limejaa maua, na juu yake nyuki kutwa nzima.

Joyce aliliona. Alingoja hadi wabaki wawili.

"Umeruka lile."

"Nimeliona."

"Likikomaa litamwaga mbegu, Ardith. Kazi yote hii..."

"Najua linamwaga nini, Joyce. Mimi ndiye niliyefua suruali zake mifuko ikiwa imejaa mbegu hizo."

Joyce alikusanya glovu zake, akaenda.

Jumatatu ikafika. Ardith aliamka mapema kuliko kawaida, hakunywa hata kahawa, na tunajua hivyo kwa sababu alitusimulia baadaye, na yeye kutusimulia kwamba hakunywa kahawa ni kama mwingine kusimulia kwamba alivunjika mguu. Alikuwa ameshaamua. Aliweka koleo kwenye kiti cha pembeni na kuendesha, polepole kama desturi yake.

Langoni alikuta pikapu ya Merle.

Merle alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kaka yake, kofia ameiweka chini. Mikono yake miwili ilikuwa imelishika lile shina karibu na ardhi, anavuta, na nyuki wanamzunguka masikio.

"Shemeji, acha," Ardith akasema.

Merle alishtuka lakini hakuliachia. "Nilisema hata shina moja."

"Ulisema."

"Na nimelikuta."

"Umelikuta. Sina la kujitetea. Nilikuja kulitoa, nimechelewa."

Merle alitazama lile jiwe. Akatazama nyuki. "Alinifanya nibebe mizinga yake nikiwa na homa," akasema. "Nilivimba jicho wiki nzima. Akanipa kopo la asali akasema sasa hatudaiani."

"Kwangu alisema hivyohivyo. Nilipojifungua."

Merle akacheka, mabega yakatikisika, na cheko likakaa muda mrefu kidogo kuliko cheko linavyokaa. Kisha akavuta tena kwa nguvu.

"Ukilikata litarudi na matawi manne," Ardith akamwambia. "Shika koleo hili. Chomeka pembeni, siyo juu. Chini zaidi. Sasa inua."

Merle akachomeka, akainua. Mzizi ukatoka mzima, mweupe, mrefu kama karoti iliyosahauliwa shambani. Ardith alishikilia mdomo wa gunia, Merle akaliingiza lile shina taratibu, kichwa kwanza, maua yasipukutike. Ardith akafunga kamba. Halafu wakazunguka pamoja makaburi yote, jiwe kwa jiwe, Merle akitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo. Hakuona kingine.

Jioni ukumbi wa kata ulijaa kuliko siku zote, maana sisi sote tulikwenda. Mwenyekiti, ambaye ndiye mjumbe wa tatu, alimuuliza Merle alichokikuta.

"Nilipita asubuhi," Merle akasema. "Nilipoondoka, palikuwa safi."

"Hata shina moja?"

"Nimesema palikuwa safi nilipoondoka. Unataka nikuimbie?"

Curt akapendekeza mashine isiingie, na Merle akaunga mkono, ila kwa mwaka mmoja tu, kisha atapita tena mwenyewe kukagua. Mwenyekiti peke yake alipinga. Ardith hakupiga makofi. Alisimama, akachukua ufunguo wa gari, akampita Merle mlangoni.

"Mwakani uje na glovu," akamwambia.

"Na wewe uje na kahawa."

Hiyo ndiyo nyika ya makaburi ya Stavig, na kama unapita huku mwezi wa nane simamisha gari, utaikuta. Nyasi zimezidi urefu wa mtu, na kila Jumamosi pikapu ya Ardith iko langoni mapema kuliko zetu.

Limebaki jambo moja tu. Kanuni yetu ni kwamba gunia lolote lenye klova iliyochanua linachomwa wiki ileile, bila kuulizana, kwa sababu mbegu huendelea kukomaa hata shina likiwa limeng'olewa. Ardith ndiye aliyeandika kanuni hiyo, na ndiye anayetukaripia tukichelewa. Magunia yote ya kiangazi kile yalichomwa. Lakini ukifungua mlango wa pikapu yake siku ya jua kali, inakupiga harufu ya nyasi kavu na asali, na nyuma ya kiti utaona gunia dogo, kamba yake bado ni ileile iliyofungwa asubuhi ya Jumatatu ile. Joyce amelinusa. Sote tumelinusa, na hakuna aliyesema kitu. Wewe ungekuwa mwenzetu, ungemkumbusha?