Kiboko Aliyeingia Kwenye Kamusi Elezo

Siku ile bibi yangu Somoe aliponiita naikumbuka, mwanangu, hata harufu ya muhogo uliokuwa ukikauka uani naikumbuka. Nakueleza kwa sababu nimesikia nawe umeanza kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Vizuri. Kazi ya kujitolea ni sadaka, na mimi niliitoa sana nilipokuwa na macho ya kutosha. Ila kaa kwanza, simu haikukimbii.

Enzi hizo nilikuwa naishi Mtawanya, na kila nikipata nafasi naenda mjini kwenye intaneti kafe kuandika habari za vijiji vyetu vya mpakani. Iliniuma kwamba miji ya watu ina kurasa ndefu, na kijiji chetu cha asili, jirani ya Kitaya, hakina hata mstari. Nikakiandikia: Ruvuma, mpunga, muhogo, uvuvi, na kwamba mwasisi wake alikuwa babu yake Bibi Somoe. Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa Hamisi, Myao, na sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Unajua mwenyewe mtani alivyo. Anachukua kuku wako mchana kweupe, nawe unabaki kucheka.

Basi Hamisi akaongeza mstari wake. Akaandika kwamba mwasisi wetu, alipomwona kiboko mtoni, aliruka kutoka kwenye mtumbwi akamwacha mkewe humo peke yake. Huo ni utani wa zamani, Wayao wanatutania nao kila msiba, na sisi tuna wa kwao. Nikaufuta. Akaurudisha. Nikaufuta tena, naye akaniambia mtani hakasirikiwi, kwani nimeanza lini kujifanya mzungu? Tukawa tunafukuzana hivyo huku tunacheka. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Pale kijijini kulikuwa na mwalimu mgeni, kijana mpole wa kutoka bara, asiyezijua mila zetu. Siku ya kikao cha wazazi akataka kutufurahisha. Akausoma ukurasa ule kwenye simu yake, neno kwa neno, na mstari wa Hamisi umo, kuwa ndiyo historia ya kijiji. Bibi Somoe alikuwa amekaa mbele kabisa. Watu wakainamisha macho. Yeye akajitanda kanga yake akaondoka.

Baada ya siku kadhaa akatuita, mimi na Hamisi. Nilijua leo masikio yangu yamekwisha, maana ukurasa niliuanza mimi. Lakini hakupaza sauti. Alimgeukia Hamisi.

"Mjukuu wangu, ukinitania msibani nayaona meno yako, nami nakurudishia papo hapo. Huko ulikoandika, nani anayaona meno yako?"

Hamisi akajibu kwa sauti ndogo kwamba ulikuwa utani tu.

"Leo nimemkasirikia mtani," bibi akasema. "Tangu nizaliwe, sijawahi."

Hilo ndilo lililomvunja. Kwetu ukimkasirikia mtani, utani umekufa, na huo ulikuwa wa koo mbili zilizozikana tangu enzi za mababu. Niliogopa, sikufichi. Hamisi hakungoja chai. Tulirudi mjini, akaufuta mstari kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye kisanduku cha kueleza mabadiliko akaandika kwamba ameuondoa kwa kuwa mahali pake si pale. Kisha akampelekea bibi kuku. Bibi akampokea, akampapasa, akasema kuku huyu amekonda, kweli ni wa Myao. Nikashusha pumzi.

Alipofariki bibi, Mungu amrehemu, Hamisi alikuwa wa kwanza kufika. Jeneza lilipotaka kutoka alisimama mlangoni akatuzuilia njia, kama ilivyo haki ya mtani msibani, mwiko mkononi, akawa anapiga kafi, akajifanya amemwona kiboko, akaruka. Nililia huku nikicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwalimu yule naye alikuwepo, akacheka pamoja nasi. Hayo hayamo kwenye ukurasa hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, andika. Kilicho cha kweli na chenye ushahidi kiandike bila woga, hata kama kinatuuma sisi wenyewe. Ila kabla hujahifadhi, jiulize: asiyetujua akikisoma hiki, atatuelewaje? Na anayehusika akiwa amekaa mbele, ataweza kubaki kwenye kiti chake? Cha kuchekea kipeleke kwa mwenyewe, mkae jamvi moja, aweze kukurudishia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi vidole navyo ni ulimi. Mstari utaufuta, lakini aliyekwisha kuusikia huwezi kumfuta masikio.

Mwenyezi Mungu akubarikie mikono yako na akuzidishie watani. Na siku yako ya kuondoka, baada ya umri mrefu, asikosekane wa kukuzuilia mlango.