Kadi ya kura haikumwingiza Nduku kwenye mchujo

Wengi wetu hukosea kwa kudhani kwamba ukiwa na kadi ya kura, unaweza kupiga kura kwenye mchujo wa chama chochote.

Hata mimi. Na mimi ndiye niliyemfundisha Nduku hivyo.

Nduku ni mfanyakazi wa nyumbani huku Riyadh, mtaa wa Al-Naseem. Hana chama. Dada yake anatafuta tiketi ya chama kugombea udiwani huko nyumbani Kenya. Nduku hupata likizo kila baada ya miaka miwili. Nilimwambia amwombe madam, mwajiri wake, ruhusa ya kuichukua sasa, akampigie dada yake kura.

Leo amenipigia simu kutoka Kenya, akiwa kwenye foleni ya mchujo.

"Mwalimu, wamenikataa. Hebu ongea na karani."

Nikaweka spika, ili madereva wenzangu wa hapa ghalani Sulay, Riyadh, wanaoniita Mwalimu, nao wajifunze. (Ndiyo, nilijisikia.) Nikamweleza karani haki za mpiga kura, tena kwa mifano.

Aliningoja nimalize.

"Mzee, hayo ni ya uchaguzi mkuu. Leo wanachama wanachagua mgombea wao. Huyu si mwanachama."

Foleni ikacheka. Kisha nikasikia sauti ya Nduku, ya chini sana.

"Sasa dada nimwambie nilikuja kufanya nini?"

Nikazima spika niliyoiweka mwenyewe.

Dereva mmoja akanisogezea sahani. "Mwalimu, halas, yamekwisha. Kula."

Nikaisukuma kando. Nichekeni, nimestahili.

Lakini kama una mtu wako kwenye mchujo, leo hii pigia chama chake simu, uulize kama wewe ni mwanachama.