Funda la Mchanganyaji

Niliisukuma ile glasi juu ya kaunta mpaka ikamgonga meneja vidole. "Onja wewe, bosi. Wewe hunyonyeshi."

Pombe hiyo aliileta mwenyewe kutoka Dar, miaka ile bidhaa za nje zilipofurika na kila baa ya Songea ikataka kuonekana ya kisasa. Tekila, pamoja na pombe nyeusi ya mitishamba ya Ulaya, chungu kama mwarobaini. Kufundisha alinifundisha, sikatai: tekila kwanza, ile chungu kidogo, barafu, halafu koroga taratibu kwa kijiko kirefu mpaka glasi itoe jasho. Usitikise.

Shida ni kwamba bia hufunguliwa mbele ya mteja. Hii ilitoka kaunta imeshachanganywa, inanuka dawa. Na kwetu hata ulanzi, pombe ya mianzi, anayekukaribisha hupiga funda la kwanza uone hauna sumu. Basi kila mnunuzi wa korosho aliyepita akielekea Tunduru alisema, "Dada, anza wewe." Meneja akaifanya amri: kila glasi, funda la mchanganyaji.

Nikamwambia, bosi, nina mtoto mchanga. Niruhusu nichanganyie mezani, wajionee. Akakataa. "Unataka tuonekane kilabu cha pombe za kienyeji? Halafu hiyo si dawa? Mtoto atalala vizuri."

Alilala kweli. Jioni moja, baada ya mafunda kadhaa, nilikimbia nyumbani Lizaboni kumnyonyesha, nikarudi kazini. Kesho yake, nilipotoka zamu ya usiku, mama yangu, aliyekuwa anamlea, alinipokea mlangoni na macho mekundu.

"Mume wangu umemnywesha nini?" Ndivyo alivyomwita mjukuu wake. "Nimemwita, nimemfinya, hata kulia hakulia!"

Siku hiyo hiyo ndipo niliposukuma glasi.

"Hiyo sekondari uliyosoma inakusumbua," meneja alisema. "Vua aproni."

Nikavua. Asubuhi nikaenda ofisi ya kazi. Karani akanisikiliza huku anatafuna muhogo, akaanza kuandika "ugomvi na mwajiri". Nikamwambia, shikamoo yako nimeshakupa, mzee, sasa nipe kalamu. Nikaandika mwenyewe:

"Nalalamika kwamba mwajiri wangu alinilazimisha kunywa pombe kali kazini akijua nanyonyesha, na nilipokataa akanifukuza. Naomba aitwe ajieleze mbele yangu, nirudishwe kazini, na asilazimishwe tena mama yeyote kuonja."