Mama na Milango ya Ploti

Mama yangu alikuwa bingwa wa kung'oa milango, na nalisema hili kwa heshima zote. Hapa Kakamega, mpangaji akikataa kuhama, wenye ploti za vyumba vya kupangisha wengi hawakuwa na maneno mengi. Walichukua bisibisi, wakafungua bawaba, wakaondoka na mlango. Nani atalala chumba kilicho wazi kama kibanda cha sokoni? Mpangaji alifunga virago mwenyewe. Mama aliifanya kazi hiyo bila kubisha hodi wala kupandisha sauti, kisha akarudi jikoni kusonga obusuma, ugali wetu.

Halafu sheria zikaanza kubadilika. Chifu alitueleza barazani kwamba kung'oa mlango ni kosa. Anayetaka chumba chake atoe ilani ya maandishi, angoje muda wake, na wakishindwana waende wakasikilizwe. Wenye ploti walinuna. Jirani yetu mmoja alisema serikali imempa mpangaji nyumba na kumwachia mwenye ploti kazi ya kupaka rangi. Nilicheka, lakini nilikuwa upande wake. Vyumba hivyo Mama alivijenga kwa pesa za miwa ya Navakholo, msimu baada ya msimu, baada ya baba kufariki. Leo aombe ruhusa ya kuvitumia?

Mama hakununa. "Hata mimi nilikuwanga mpangaji," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Sheria haikukawia kumfikia. Mdogo wake, mama yangu mdogo, alikuja kutoka Chekalini figo zikimsumbua, akawa lazima akae karibu na hospitali. Sasa, nyumba yetu iko nyuma kabisa ya ploti, na choo kiko mbele, ng'ambo ya ua unaogeuka tope kila mvua ya alasiri inaponyesha. Chumba cha kwanza kinapakana na choo. Hicho ndicho kilichomfaa mgonjwa. Lakini ndani yake aliishi mshonaji nguo, mwanamke mpole na mkaidi, cherehani yake ikilia kutwa.

Mama alimpa ilani. Mshonaji akaipokea vizuri, akasema atahama muda ukifika, kwa kuwa bado hajapata chumba kingine chenye stima na dirisha la barabarani. Nikawa namshika mama mdogo mkono tukivuka tope, yeye akiniomba msamaha kwa kunisumbua, na hasira zikinipanda.

"Mama, si ung'oe tu huo mlango?"

"Mpaka ilani iishe, hicho chumba ni chake. Na wewe punguza mdomo."

Katikati ya kungoja huko, mshonaji akalalamika kwamba mlango wake umeoza chini na haufungi. Mama alikubali kwamba kuutengeneza ni kazi ya mwenye nyumba, ilani au bila ilani. Ila mazoea yana taabu. Asubuhi moja, mshonaji akiwa ameenda kununua uzi, Mama alichukua bisibisi yake, akaufungua ule mlango, akamkabidhi mtu wa mkokoteni aupeleke kwa fundi. Hakumwambia mtu yeyote. Kisha akaketi pale pale kizingitini kulinda cherehani, bisibisi mapajani.

Mshonaji aliporudi akamkuta hivyo, mfuko wa uzi ulimdondoka. "Kukhu, hata ilani haijaisha," alisema, akimwita Mama nyanya kwa heshima, machozi yakimtoka. Wapangaji wengine wakatoka nje. Mama akaeleza kwamba mlango umeenda kutengenezwa, na hakuna aliyemwamini. Hata mimi sikumwamini, na moyoni nilifurahi. Mshonaji akajifunga leso kiunoni, akashika njia ya kwa chifu.

Mama akainuka. Nilidhani anamfuata kumfokea. Alielekea nyumbani kwetu, akaanza kufungua mlango wetu sisi.

"Shika huku," aliniambia.

Ploti nzima ilijengwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja, hivyo mlango wetu uliingia kwenye chumba cha kwanza bila shida. Mama alikaza skrubu ya mwisho, akamwita mshonaji, ambaye safari yake ya kwa chifu ilikuwa imeishia langoni, akitazama. "Rudi, binti yangu. Chumba chako kina mlango."

Kwetu tulitundika leso. Alasiri mvua ilikuja na upepo wake, leso ikapeperuka, na mama mdogo akaonekana amejikunyata kitini. Mshonaji alivuka tope akaja kusimama mbele yetu.

"Kukhu, mbona hukuniambia kuna mgonjwa?"

"Ningekuambia, ungehama kwa huruma kabla hujapata pa kwenda," Mama akamjibu. "Una haki ya siku zako."

Nilimwonea Mama fahari. "Basi tubadilishane," mshonaji alisema. "Nitashonea hapa kwenu mpaka nipate chumba." Mvua ilipokatika tulibeba cherehani kwenda huku, na kitanda cha mgonjwa kwenda kule.

Sasa mama mdogo analala chumba cha kwanza, nyuma ya ule mlango wetu wa zamani, na hahitaji tena mkono wangu kufika chooni. Kila asubuhi Mama humpelekea uji. Ploti ni yake, mlango ni wake, na mkono wake unaijua kila skrubu. Husimama nje na kikombe chake, akabisha hodi, akangoja aambiwe karibu.