Mkojo wa Kuchanga

Jerikeni ilikuwa nzito mno. Nilikuwa nimempa yule mama ikiwa tupu, nikamweleza akusanye mkojo wake wote wa mchana na usiku mzima, asimwage hata tone. Kutokana na taka zilizomo ningejua figo zake zina nguvu kiasi gani. Alitaka kumpa moja binti yake, ambaye damu yake husafishwa kwa mashine katika wodi yetu hapa Homa Bay. Sasa alikuwa amerudi kutoka Lambwe na jerikeni imejaa hadi shingoni, ameifunika kwa leso kama chakula cha mgonjwa.

"Mama, huu wote ni wako?"

Akamtazama mdogo wake wa kike aliyeketi kando. Mdogo mtu akatazama ukuta.

"Ni wa kwetu," mama akasema.

"Wa kwenu nani?"

"Wangu ulikuwa kidogo, daktari. Nikaona nitaaibika, wakaniongezea. Huyu ndiye alitoa mwingi, anakunywa chai kama ng'ombe."

"Si ulisema figo nzuri inatoa mkojo?" mdogo wake akajitetea. "Tukachanga. Kwani kitu ya familia hatuchangi?"

Nesi alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Udaktari nilifundishwa darasani, lakini utafiti nilijifundisha mwenyewe, kwa video na vitabu vya kuazima, na kila siku nangoja mtu agundue kwamba sijui. Nachunguza kwa nini wakulima wa Migori wasio na kisukari wala presha wanaharibikiwa figo. Nao nimewagawia jerikeni, nyumba kwa nyumba, hadi Ntimaru. Je, nao walichanga? Hii niliitambua kwa sababu ilizidi. Ile iliyoongezwa kikombe kimoja ningeijuaje? Nakiri kwamba mama yule aliponitazama akingoja habari ya mtoto wake, mimi nilikuwa nawaza majedwali yangu.

Tulirudia. Safari hii alilala wodini, nesi akimsimamia. Majibu yalipotoka nilimwambia huku nikitazama karatasi: figo zake mwenyewe zimechoka. Tukimtoa moja, tutakuwa na wagonjwa wawili.

"Kwa hivyo ile ya kwanza ndiyo ilikuwa nzuri," akasema.

"Ile haikuwa yako, mama."

"Najua ilikuwa ya nani."

Hakumtazama mdogo wake. Kumwomba mtu figo si kama kumwomba mkojo. Binti alikuwa kwenye mashine upande wa pili wa pazia, anasikia yote. Shangazi wala mjomba hakuna aliyewahi kujitokeza kwa ajili yake. Mama mdogo alikaa akiviringisha ncha ya leso, kisha akauliza kama jerikeni nyingine zipo.

"Zipo."

"Nipe moja. Na mtu asiniongezee."

Nilimpeleka pembeni, nikamwambia anaweza kukataa hata dakika ya mwisho, na sitamwambia yeyote sababu. Nikayarudia maelezo mpaka akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nimesikia."

Ameahidi kurudi kesho. Asiporudi, sitamuuliza, na sidhani dada yake atamuuliza. Lakini nimewaomba wodini wanipigie jerikeni ikifika, hata nikiwa Migori, nikibisha mlango hadi mlango kuuliza ni nani alichanga.