Breki Nilizozitilia Sahihi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, akaniuliza nimemletea nani chakula. Nikampa barua ya ajira. Akaisoma mara mbili, kisha akamwita Fundi Mkuu.

"Huyu binti ni wako. Akilia, mrudishe kwao."

Sikulia, ingawa miezi mitatu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli tu.

Karakana yetu ilikuwa Morogoro Mjini, ikihudumia magari ya idara mbalimbali za mkoa. Spea zilikuwa adimu. Gari likifa, tulilifufua kwa viungo vya lililokufa kabla yake. Gasketi, zile pedi za kuziba katikati ya vyuma viwili, tulizikata kutoka kwenye maboksi magumu. Raba za breki, yaani zile kofia ndogo zinazozuia mafuta yasivuje kwenye silinda ya gurudumu, hatukuzitupa ovyo. Tuliziosha, tukazikagua moja moja, na zilizo nzima zikarudi kazini. Fundi Mkuu, mzee mpole aliyetokea Mahenge, alinifundisha kuzipima kwa ukucha.

"Ibonyeze, mwanangu. Ikirudi upesi, iamini. Ikibaki na kovu, iweke kando."

Baadaye nilipelekwa Dakawa miaka miwili, kwenye mashine za kusukuma maji ya mashamba ya mpunga. Niliporudi mjini nilikuta mambo yamegeuka. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na spea zilijaa madukani mpaka barazani. Fundi Mkuu alikuwa amestaafu, nafasi yake nikakaimu mimi. Wakati huohuo zilivuma habari za kupunguzwa wafanyakazi. Orodha ilikuwa mezani kwa Afisa Usafirishaji, na sote tuliishi kwa kunyata.

Ndipo likaletwa gari la zahanati moja ya huko Mgeta, milimani Uluguru. Lilikuwa kuukuu, na breki zake zilikuwa zimekwisha. Bohari walinipa raba mpya ndani ya boksi linalong'aa. Nikazibonyeza kwa ukucha. Kovu likabaki. Nikampelekea Afisa Usafirishaji.

"Mzee, hizi ni laini mno. Afadhali nioshe zile za zamani."

Hata hakuzishika. "Boksi jipya kabisa, unataka nini tena? Enzi za kuokoteza zimekwisha. Fundi asiyeweza kwenda na wakati tutamjua tu."

Nilikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Nikazifunga raba zile, nikatia sahihi kwenye fomu kwamba gari ni salama. Asubuhi ya kulipeleka niliona tone la mafuta upande wa ndani wa tairi la nyuma kushoto. Nikalifuta kwa kitambaa, nikapanda mlima.

Nilifika mchana. Sijakabidhi hata ufunguo, nesi wa zahanati akaja mbio.

"Dada, usizime! Kuna mzazi amekwama tangu alfajiri. Lazima afike hospitali ya mkoa."

Wakampakia nyuma. Aliitwa Felista, na aliyempakata kichwa alikuwa mama mkwe wake, mkulima wa mboga aliyekuja na kikapu cha nguo na kipande cha sabuni ya kufulia. Nesi aliketi mbele. Dereva wa zahanati alikuwa kitandani na homa, kwa hiyo usukani ulikuwa wangu.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kona ya tatu nilikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Nikaikanyaga tena, mguu wangu ulikuwa kama unakanyaga pamba. Upande mmoja palikuwa na bonde, upande wa pili ukingo wa mlima. Nikashusha gia, injini ikapiga kelele, nikaukumbatisha ubavu wa gari kwenye ukingo. Tuliburuzika, tukasimama.

Nyuma, mama mkwe alikuwa amemkumbatia Felista kwa mikono yote miwili.

Magari ya zamani yalikuwa na njia moja ya mafuta ya breki. Gurudumu moja likivuja, yote manne yanakosa. Nikaingia uvunguni. Ni lile gurudumu la kushoto. Bomba lake jembamba la shaba nililikunja mara mbili kwa koleo, nikalilaza kwa jiwe mpaka likafunga. Yakabaki magurudumu matatu, lakini mafuta ya kujazia hayakuwepo.

"Mama, naomba sabuni yako."

Akanikabidhi. Nikaiparuza kwa kisu ndani ya maji ya chemchemi, nikajaza kibuyu cha breki, kile kikopo kinachotunza mafuta yake. Dawa hiyo ni ya kufikia tu. Baadaye lazima mabomba yote yaoshwe, la sivyo kutu itayala. Ikabaki kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia mabombani, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Nesi akashika pedali.

"Kanyaga! Shikilia hapohapo! Achia!"

Gurudumu la kwanza, la pili, la tatu. Spana ikawa inateleza. Ilitupotezea karibu saa nzima. Tulishuka kwa gia nzito, ile inayoacha injini ilizuie gari, nikigusa breki kwa kuiba hadi tulipoiona lami ya Mzumbe.

Felista alipasuliwa, akapona. Mtoto hakupona. Daktari alisema alikuwa amechoka tangu asubuhi. Hadi leo sijui kama alinieleza ukweli au alinihurumia.

Pale nje ya wodi nesi alikuwa akimsimulia kila mtu jinsi nilivyotengeneza breki kwa sabuni. Watu wakanipa mikono. Mama mkwe akaja kunishukuru, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, nilijua. Niliona zinavuja, nikanyamaza."

Akaniuliza, "Gari hilo ni moja tu?"

"Hapana. Raba hizo zimefungwa kwenye magari mengi."

"Sasa unalia hapa kwa nini? Nenda."

Nikaenda. Niliandika kila kitu, pamoja na kosa langu, nikampelekea Mkuu wa Karakana mwenyewe. Aliyasimamisha magari yote siku ileile. Jina langu liliingia kwenye orodha ya kupunguzwa, na sikulalamika.

Nilifungua gereji yangu Msamvu, nikafanya kazi mpaka magoti yalipokataa. Niliitwa mkaidi. Mtu mmoja aliwahi kunifokea mbele ya wateja kwa sababu nilikataa kumpa ufunguo, usukani wake ukiwa umelegea na safari ya Iringa ikimngoja. Mkewe alishusha mizigo, akaketi kwenye benchi, akavua viatu.

"Mama fundi," akasema, "fanya taratibu. Sisi tunasubiri."